Homa ya Mjamzito Si Malaria Tu



Katika nchi zetu na za jirani, mke wa askari apatapo homa na kutetemeka wakati wa ujauzito, wenzake wa kota husema mara moja kuwa ni malaria. Hununuliwa vidonge dukani, na mume aliye zamu mpakani huarifiwa kwamba hali si mbaya. Siku chache baadaye mama hulazwa, figo zikiwa zimekwisha kushambuliwa.

Malaria ingalipo, nayo ni hatari kwa mjamzito. Lakini homa hiyo hiyo, ikifuatana na kutapika na maumivu ya kiuno au ubavu, yaweza kuwa dalili ya maambukizi ya njia ya mkojo yaliyopanda hadi figo. Wakati wa mimba, homoni huilegeza mirija itokayo katika figo, na mji wa mimba unaokua huibana. Mkojo hutuama, bakteria wakazaliana.

Adui huyu mara nyingi huingia kimya. Mama aweza kuwa na bakteria wengi katika mkojo bila kuhisi maumivu yoyote. Asipotibiwa, sumu yaweza kuenea katika damu, na mtoto akazaliwa kabla ya siku zake au akiwa na uzito mdogo. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mjamzito mwenye bakteria hao, hata asiyeumwa, atibiwe kwa antibayotiki kwa siku 7. Mwaka huo huo lilishauri mjamzito aonwe na wahudumu wa afya angalau mara 8, akianza katika wiki 12 za mwanzo.

Dawa hizo zisinunuliwe kwa kubahatisha. Tetrasaiklini, kwa mfano, yaweza kudhuru meno na mifupa ya mtoto aliye tumboni. Damu ipimwe malaria, mkojo nao upimwe, kisha mganga aamue.

Ndugu askari, upigapo simu nyumbani usiulize habari za afya tu. Uliza kama mkojo umepimwa. Nanyi makamanda, askari aombaye ruhusa ya kumpeleka mkewe kliniki msimhesabu mtegaji. Ugonjwa huu hauulizi pasi mpakani, na anayelinda nchi anastahili kurudi na kukuta mama na mtoto wako salama.