JERAHA LA UKIMBIZI NA KIZAZI KIJACHO

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyo Isingiro jirani na Mbarara, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokimbia watu wa Rwanda. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo na Warundi, wakikimbia vita. Wapo humo watoto ambao hawakusikia mlio wa bunduki hata siku moja. Je, watoto hao wamesalimika na vita?

Wataalamu wamelichungua jambo hili. Katika mji wa Goma, Kongo ya mashariki, walichunguzwa kina mama 25 na watoto wao wachanga, na matokeo yakatangazwa mwaka 2012. Ikaonekana kwamba kadiri dhiki za vita zilivyomlemea mama, ndivyo mtoto alivyozaliwa na uzito mdogo. Na katika damu yake zikaonekana alama juu ya chembe ya urithi inayouongoza mwili wakati wa hofu. Na huko Uholanzi, waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945, walipokuwa watu wazima walionekana kupatwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo.

Basi mtoto wa mkimbizi akishtuka ovyo, au akiwa dhaifu, asiitwe mvivu, wala asisingiziwe shetani. Alama hizo si hukumu isiyoondoka, na maradhi ya moyo uliojeruhiwa yana tiba. Hapo hapo Nakivale, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2008, walishiriki wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia waliosumbuliwa na kumbukumbu za vita. Wakimbizi wenzao, wasio madaktari, walifundishwa namna ya kuwasikiliza na kuwasaidia. Na waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kuliko wale ambao hawakupata msaada huo.

Watu wa Madina waliwapokea Muhajirina kwa chakula na kwa udugu. Vivyo hivyo mama mjamzito aliyekimbia vita, afikapo Mbarara, asiachwe peke yake: apelekwe kliniki mapema, ale ashibe, naye asikilizwe pasipo haraka. Amtunzaye mama huyo leo amemtunza na mjukuu ambaye hatamwona.

Mwenyezi Mungu awaponye waliojeruhiwa, na awahifadhi watoto wao. Amin.