Kufunga Mabanda ya Kuku Kabla ya Pepo za Masika

(Mazungumzo ya mkaguzi wa ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya wafugaji, Sinza, Dar es Salaam)



Nimeombwa niseme machache juu ya mabanda ya kuku. Huenda baadhi yenu mkashangaa kumsikia mkaguzi wa vitabu akizungumza habari za misumari. Lakini mabanda mengi ya wanachama wetu hujengwa kwa mkopo, na upepo ukichukua paa hauchukui deni. Mwanachama hubaki na kuku waliolowa, marejesho ya kila mwezi, na pengine bati lililomwangukia jirani; maana viwanja vya Sinza, vilivyopimwa miaka ya 1970, leo vimesongamana.

Pwani yetu haipatwi na vimbunga mara kwa mara, na hilo ndilo linalotulaza usingizi. Hata hivyo tazameni miezi. Kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja kilikuja Aprili 1872. Kile cha Lindi, Aprili 1952. Jobo kilitukaribia Aprili 2021 kikafifia, na Hidaya kikafika sehemu za Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, boti za Zanzibar zikasimamishwa. Kwa hiyo yafaa kazi ninayoieleza iishe kabla ya mwisho wa Machi.

Wengi hudhani kwamba upepo hulisukuma paa. Ukweli ni kwamba hulinyanyua. Upepo upitao juu ya bati hulifyonza, na ule uingiao kwenye wavu hulisukuma kutoka chini. Nalo banda la kuku, ambalo kwa joto letu lazima liwe wazi ubavuni, hupatwa na yote mawili. Tena kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Ndiyo maana mawe na matairi yanayowekwa juu ya mapaa siyakubali: upepo ukizidi, jiwe lenyewe huwa hatari ya pili.

Inatakiwa bati lishikwe na papi, papi na kenchi, kenchi na nguzo, nguzo na ardhi. Mafundi wengi hupigilia papi kwa msumari mmoja wa wima, nao hutoka kwa njia ile ile ulioingilia. Papi izungushiwe waya wa kufungia mara mbili, ukazwe kwa koleo. Misumari ya bati iongezwe kwenye upenu na kwenye pembe, kwani huko ndiko paa huanza kufunuka. Nguzo ichimbiwe si chini ya futi 2. Na karibu na Mto Ng'ombe, ambako udongo hulainika kwa mvua, isimikwe kwa zege.

Chombo cha chakula kinachoning'inia kwa kamba moja huyumba na kumwaga chakula, na chakula ndicho gharama kubwa ya mfugaji. Kifungwe kamba ya pili hadi kwenye nguzo. Mapazia ya turubai yafungwe chini na ubavuni. Pazia lililoachwa huru ni tanga.

Ndugu makatibu, kwenu nina ombi. Mwanachama akiomba mkopo wa banda, waya na zege viandikwe katika makadirio tangu mwanzo. Nimeona maombi yaliyotaja fedha za mabati hadi shilingi ya mwisho, na za kuyafungia hazimo kabisa. Kamati ya mikopo imtume mjumbe akazitikise papi kwa mkono kabla fungu la mwisho halijatolewa. Wenye mabanda ya zamani nao waandikishwe, ili chama kiwanunulie waya kwa pamoja mwezi Februari.