Ini Lenye Mafuta Si Ugonjwa wa Walevi Peke Yao

(Maneno ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Lushoto)



Tumeombwa tuseme juu ya ini. Wengi wenu mlitazamia tuanze na pombe, na kweli pombe ina sehemu yake. Lakini leo tunaanza na birika la chai lililoko mbele yenu.

Siku hizi mtu huenda hospitali kwa jambo jingine kabisa, tuseme maumivu ya tumbo au kisukari, anapimwa kwa altrasaundi, kisha anaambiwa ini lake lina mafuta. Akirudi nyumbani hasemi. Mzee wa kanisa ambaye hajagusa pombe maisha yake yote anajua majirani watasema nini: kumbe alikuwa anakunywa kwa siri. Basi ananyamaza. Hata mama anayempikia hajui, na chakula kinabaki kile kile. Aibu hii inatusumbua kuliko mafuta yenyewe, maana mafuta yanaweza kupungua, lakini asiyesema hasaidiwi.

Hivyo basi tuelezane. Ini la kawaida lina mafuta kidogo sana. Yakizidi asilimia 5 ndipo tunasema lina ugonjwa. Kwa wengi chanzo ni uzito uliozidi, hasa kitambi, pamoja na kisukari na mafuta mengi katika damu. Hata mwembamba anaweza kuupata. Kwa kawaida hauumi. Kwa baadhi ya watu, baada ya miaka mingi, ini huvimba, hupata makovu na kusinyaa, na wengine hupata saratani. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini duniani viliubadilisha jina ugonjwa huu, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo ya kuwaondolea wagonjwa aibu.

Msidhani ni habari ya mijini tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Nasi huku milimani tumebadilika. Zamani kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ilikuwa ni kupanda na kushuka kwa miguu. Leo ni bodaboda, na sisi wa ofisini ndio wateja wazuri.

Sasa turudi kwenye birika. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi takribani vijiko 12 vya chai kwa siku, na ikiwa chini ya 6 ni bora zaidi. Chupa moja ya soda ya kawaida hukaribia vijiko vinane. Mjumbe anayekunywa vikombe viwili vya chai iliyokwisha kutiwa sukari jikoni, maandazi matatu, kisha soda ya mchana kwa heshima ya mgeni, amemaliza kiasi chake na cha jirani. Sukari ya namna hii, ikizidi, ini huigeuza kuwa mafuta. Tunaomba mlifikirie hilo, kwa kuwa vikao hivyo tunaviandaa sisi, na soda hizo zimo katika bajeti zetu.

Chakula kinachofaa hakitoki mbali. Tuna maharage, makande, mchicha, mnavu, kabichi na karoti. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe ugali, wali au ndizi, robo iliyobaki iwe maharage, samaki au kuku. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Viazi vyetu vichemshwe; chipsi ziwe za mara chache. Plamsi, peasi na fyulisi tule zikiwa nzima, tusizigeuze kuwa juisi yenye sukari. Mahindi ya dona yakaushwe vizuri, maana mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na sumu hiyo hulishambulia ini. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kahawa isiyo na sukari haina ubaya. Tafiti nyingi zinaihusisha na makovu machache ya ini.

Kuhusu uzito, mwenye kilo 90 akipunguza kilo 6 hadi 9, mafuta ya ini hupungua sana, na hata uvimbe na makovu yanaweza kupungua. Apunguze polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, bila kujinyima kwa fujo. Atembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Vilima vyetu vitamsaidia. Aliyekwisha kuambiwa ini lina mafuta aache pombe, ikiwemo ya miwa.

Wafadhili wametuuliza kama tununue dawa. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, kwa wale wenye makovu ya wastani au makubwa. Ni ghali mno, nayo hutolewa pamoja na kubadili chakula na kufanya mazoezi. Kwa maoni yetu fedha kidogo tulizo nazo ziende kwenye mizani, vipimo vya sukari na mafunzo ya mapishi kwa Umoja wa Wanawake, na wanaume nao waje. Zile chupa za “kusafisha ini” zinazouzwa minadani hatuziungi mkono kabisa. Hazijathibitishwa, na baadhi ya mitishamba huliumiza ini.

Mwenye kisukari au kitambi amwombe mganga ampime ini, na apime pia virusi vya homa ya ini B, kwa kuwa huo ni ugonjwa mwingine.

Kuanzia kikao kijacho, chai itakuja bila sukari, na bakuli la sukari litakuwa pembeni. Badala ya maandazi kutakuwa na mihogo ya kuchemsha, na soda tumeiondoa katika makisio. Wahasibu wa sharika watuletee kiasi kilichookolewa, ili tujue kama kinatosha kununua mizani ya kwanza.