Siri ya Mamako Usiipe Simu



Vijana wenzangu, niwaulize. Usiku, taa zimezimwa, umeshika simu, unaongea na nani? Wengi wetu siku hizi tunaongea na ChatGPT, Gemini, au ile Meta AI iliyoingia hadi ndani ya WhatsApp. Tunaiuliza mambo ya shule, ya kazi, ya ndoa, ya dini. Mambo ambayo kwa baba hatuwezi kuyataja, wala kwa ustadhi, manake tunaona haya. Simu haitucheki wala haitusimangi. Basi tunaimwagia yote.

Sijaja kuwaambia ni haramu. Mimi mwenyewe naitumia. Nimekuja na swali moja tu: hiyo siri unayoitoa, ni yako peke yako?

Tuchukue mfano. Dada amempeleka mamake hospitali. Amepewa karatasi ya maabara imejaa maneno magumu. Anaipiga picha, anaituma kwenye apu ili aelezewe. Nia njema kabisa. Lakini karatasi ile ina jina la mama, umri wake, nambari ya kitambulisho na ugonjwa wake. Mama hakuulizwa. Kijana mwingine amekosana na mkewe, anabandika mazungumzo yao yote akitafuta ushauri. Nusu ya maneno yale ni ya mke. Ndugu zangu, hiyo ni amana ya mtu.

Dini ilituwekea mpaka huu zamani. Surat An-Nur inatufundisha kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mwenzako. Surat Al-Hujurat inatukataza kuchunguzana na kusengenyana. Sasa sisi tunafungua mlango wenyewe, tena mlango wa nyumba ya mwingine.

Utaniambia, "Lakini nikimaliza nafuta." Hebu sikiliza. Mei 2025 mahakama moja Marekani, katika kesi ya gazeti la New York Times dhidi ya OpenAI, iliamuru kampuni hiyo ihifadhi mazungumzo ya ChatGPT, hata yale ambayo watumiaji walitaka yafutwe. Amri ile ilidumu miezi kadhaa. Wewe umefuta kwenye simu yako, lakini kule yalikoenda si wewe mwenye ufunguo.

Na sisi Waislamu tuna kisa chetu. Haikuwa apu ya AI, lakini somo ni lile lile. Novemba 2020, jarida la Motherboard lilifichua kwamba Muslim Pro, apu ya nyakati za swala na kibla, ilikuwa ikipeleka data za mahali walipo watumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode. Miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye apu walikanusha kwamba waliliuzia jeshi, wakasema wamekata uhusiano na kampuni ile. Sawa. Lakini yule aliyekuwa anatafuta kibla tu, aliambiwa?

Hapa kwetu mnajua maana ya kijana kushukiwa kwa jina lake au kanzu yake. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza. Lakini uliyoyaandika tayari hayanyamazi. Sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 inawaruhusu polisi kuomba amri ya mahakama wapate data zilizohifadhiwa. Sisemi muogope kusoma au kuuliza. Kuuliza si kosa. Nasema jueni kwamba mnaandika, hamnong'oni.

Tusikate tamaa lakini, manake haki tunazo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data zako zinatumiwaje, kukataa, na kutaka data za uongo zirekebishwe au zifutwe. Ukikosewa, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Mnakumbuka Worldcoin, watu walivyopanga foleni kupigwa picha za macho? Serikali ilisimamisha shughuli ile Agosti 2023. Katiba Institute wakaenda mahakamani, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile za mwili zifutwe. Haki ikidaiwa, hupatikana.

Basi leo, kabla hujalala, fanya haya. Ingia kwenye mipangilio ya apu, uzime ile sehemu inayoruhusu mazungumzo yako yatumike kuifunza, kama ipo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, uzime ruhusa ya mahali, maikrofoni na nambari za watu kama huzihitaji. Usitume kitambulisho, jumbe za M-Pesa wala karatasi za hospitali. Ukitaka kuuliza, toa majina na nambari kwanza. Na jambo la mwenzako, muombe ruhusa.

Na lile zito linalokunyima usingizi, mtafute mtu. Shangazi, imamu, daktari, wakili. Na sisi wakubwa tujifunze kuwasikiliza vijana bila kuwasimanga, kwa sababu tulipowafungia mlango ndipo walipoenda kwa simu.

Allah atusitiri, na atujaalie tuwe wenye kuchunga amana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.