Mihula Miwili kwa Nani? Ukomo wa Uongozi wa Kuchaguliwa, Kuanzia Kijijini hadi Wilayani

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya viongozi na wananchi, Bulumbi, wilayani Busia, Uganda



Mwaka 1902 Waingereza waliihamisha sehemu ya mashariki ya Uganda na kuitia upande ambao leo ni Kenya. Wasamia na Wateso wakagawanyika, na hadi leo watu wa ukoo mmoja wanatawaliwa kwa sheria mbili. Ng'ambo ya pili, nchini Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 180, inasema gavana hatashika kiti zaidi ya mihula miwili. Sospeter Ojaamong alichaguliwa gavana wa Busia ya Kenya mwaka 2013, akarudi 2017, na 2022 kiti kikaenda kwa Paul Otuoma. Hakuna aliyelazimika kumbembeleza Ojaamong aondoke. Sheria ilikwisha kumwambia siku yake tangu mwanzo.

Kwetu Uganda, Katiba ya 1995 ilimwekea rais mihula miwili, na mwaka 2005 kifungu hicho kikaondolewa. Mwenyekiti wa wilaya hakuwahi kuwekewa idadi ya mihula. Alichokuwa nacho ni kikomo cha umri, miaka 75, nacho kiliondolewa na Bunge Desemba 2017 pamoja na kile cha rais. Wengi wetu tulibishana juu ya rais mchana na usiku, na hatukuona kwamba cha mwenyekiti wetu wa wilaya kimekwenda na maji yale yale. Sheria iliyoviondoa vikomo hivyo ilitaka pia kurefusha muhula wa wabunge na wa mabaraza ya mitaa kutoka miaka 5 hadi 7. Mahakama ya Katiba, ikiwa imeketi Mbale Julai 2018, ndiyo iliyolitupa jambo hilo.

Sasa niingie kijijini, maana hapo ndipo penye uzito.

Wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji, walichaguliwa mwaka 2001. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ikasema uchaguzi wao hauwezi kuendeshwa kwa sheria ya enzi ya mfumo usio na vyama wakati nchi imerudi kwenye vyama vingi. Uchaguzi uliofuata ulifanyika tarehe 10 Julai 2018, watu wakipanga mstari nyuma ya wagombea, kama ndugu zetu Wakenya walivyopangwa katika mlolongo wa 1988. Miaka 17 ilipita hapo katikati. Muhula wa waliochaguliwa 2018 ulikuwa wa miaka 5. Ulipoisha Julai 2023 uchaguzi haukuitishwa, wakaongezewa muda.

Tuuangalie muhuri wa mwenyekiti wa LC1. Unakaa nyumbani kwake, pamoja na kidau cha wino. Ukinunua kiwanja, hati ya mauziano inataka muhuri ule. Mwanao akienda kuandikishwa kitambulisho cha taifa, anadaiwa barua yenye muhuri ule. Ndugu yako akiwekwa ndani polisi, unaulizwa barua ya mwenyekiti. Tena kamati ile ile ya kijiji ndiyo inayoketi kama mahakama ya kwanza kusikiliza madeni na ugomvi wa majirani. Kwa hiyo mtu uliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba anaweza kuwa ndiye mwenye muhuri, na ndiye mwenye kiti siku ya shauri lako. Ukijua atatoka mwaka fulani, utavumilia. Kwa miaka 17 hakuna aliyejua.

Hata hivyo, siombi LC1 awekewe mihula miwili, na najua baadhi yenu mmekuja mkitarajia niseme hivyo. Serikali humpa mwenyekiti wa kijiji shilingi 120,000 kwa mwaka mzima. Katika kazi hiyo mtu huamshwa usiku wa manane kwa wizi wa ng'ombe au kwa mke aliyepigwa, na wanaokubali kuibeba kwa moyo safi ni wachache. Kijiji kikimpata mama mwadilifu na kumtaka mara ya tatu, sioni kwa nini sheria imkataze. Haki ya kijiji ni kuulizwa tena kila baada ya miaka 5, kwa tarehe iliyoandikwa kwenye sheria yenyewe, isiyongoja waziri wala bajeti. Kikomo cha mihula pasipo uchaguzi hakimtoi mtu yeyote.

Kikomo nakitaka juu zaidi: LC3, baraza la tarafa (sub-county), na LC5, baraza la wilaya. Huko ndiko kwenye fedha, zabuni na ajira. Wajumbe wa tume ya utumishi ya wilaya, wanaoajiri walimu na wauguzi, huteuliwa na baraza la wilaya kwa mapendekezo ya kamati tendaji ya mwenyekiti. Mwenyekiti akikaa mihula mitatu au minne, karibu kila mwenye mshahara wa wilaya atakuwa ameingia mikononi mwa tume aliyoipendekeza yeye. Mpinzani atashindana na ofisi nzima.

Nimesikia hoja kwamba tutapoteza wazoefu. Wakenya wametuonyesha kwamba mzoefu hapotei: Ali Roba alimaliza mihula yake miwili ya ugavana Mandera akaingia Seneti 2022, na Amason Kingi wa Kilifi akawa Spika wa Seneti hiyo. Hoja nzito kuliko hiyo ni kwamba kiongozi wa muhula wa mwisho haogopi tena kura. Hilo ni kweli, na dawa yake ni ukaguzi wa hesabu kabla hajakabidhi ofisi.

Pasipo njia ya kumtoa kiongozi kwa amani, tunajua yatokeayo: wazee wa hapa wanaikumbuka Januari 1960, watu wa Bukedi walipowainukia machifu kwa sababu ya kodi waliyokadiriwa. Chifu aliteuliwa, hapakuwa na kura ya kumtoa, na watu wakapoteza maisha.

Pendekezo langu la mwisho linahusu hesabu. Kikomo kikipitishwa, mihula iliyokwisha kutumikiwa ihesabiwe. Rais Museveni aliingia madarakani 1986, lakini mihula yake miwili chini ya Katiba ilianza kuhesabiwa 1996. Tukiandika sheria ya LC3 na LC5 bila kulitaja hilo, mwenyekiti aliyekaa miaka 15 ataanza upya kama mgeni, na atakuwa na haki ya kisheria ya kukaa miaka 10 mingine.