ALIYEPONA KANSA YA DAMU ASIACHE KUPIMWA
(Maneno ya daktari mmoja katika mkutano wa hadhara)



Nimeulizwa swali mara nyingi, nami leo nitalijibu mbele ya watu wote. Je, mtu aliyeugua kansa ya damu akapona, aweza kupatwa na kansa ya damu ya namna nyingine? Jawabu ni ndiyo. Si wengi, lakini wapo.

Mjue kwanza kwamba kansa ya damu si moja. Iko lukemia, ambayo huanza katika uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Iko limfoma, ambayo huvimbisha tezi za shingoni, kwapani na kinenani. Iko mieloma, ambayo hula mifupa.

Limfoma moja huitwa ugonjwa wa Hodgkin. Zamani ukishaenea mwilini, mgonjwa hakuwa na tumaini. Katika miaka ya 1960, huko Marekani, Dr. Vincent DeVita na wenzake waliwapa wagonjwa dawa nne kwa pamoja. Moja ilitokana na gesi ya sumu ya Vita Kuu ya Kwanza. Nyingine ilitokana na ua la Madagascar. Mwaka 1970 walitangaza kwamba katika wagonjwa 43, ugonjwa ulitoweka kwa 35. Ulikuwa ushindi mkubwa!

Lakini miaka ikapita. Wachache kati ya waliopona kwa dawa zile wakarudi hospitali wamechoka, viganja vyeupe, fizi zikitoka damu. Ugonjwa wa Hodgkin haukurudi. Hii ilikuwa lukemia. Kwa nini? Dawa iliyoua chembe mbaya ilijeruhi na chembe nzuri ndani ya uboho. Mkulima achomaye magugu huunguza na mche wake. Jeraha hilo hukaa kimya, mara nyingi miaka mitano hata kumi, ndipo lijitokeze.

Je, madaktari walikata tamaa? La, hasha! Mwaka 1975 Dr. Gianni Bonadonna wa Milano, Italia, alitangaza mchanganyiko mwingine, usio na ile dawa ya gesi. Wagonjwa wakapona, na lukemia ya baadaye ikawa nadra. Mchanganyiko huo ungali unatumika mahali pengi duniani. Na hatari ya ule wa kwanza ilijulikanaje? Ni kwa sababu waliopona waliandikwa, wakafuatwa mwaka hata mwaka.

Tena si kila mara dawa ndiyo yenye kosa. Iko lukemia ya polepole ya wazee ambayo yenyewe huweza kugeuka limfoma kali. Dr. Maurice Richter aliieleza tangu mwaka 1928.

Sasa nasikia watu wakisema, "Afadhali kukataa dawa, maana zitaleta kansa nyingine." Ndugu zangu, msidanganyike! Anayekataa dawa kwa hofu ya ugonjwa ambao huenda usije kamwe, anajitoa kwa ugonjwa alio nao leo. Wengine husema ugonjwa wa pili ni laana au uchawi, wakamtenga mgonjwa. Huo ni ujinga, nao huua.

Basi wewe uliyepona, fanya mambo matatu. La kwanza, tunza cheti chenye majina ya dawa zote ulizopewa. Daktari atakayekuona miaka kumi ijayo atakihitaji. La pili, siku uliyopangiwa kupimwa damu nenda, hata kama unajiona mzima. La tatu, ukiona uchovu usiokwisha, homa, tezi, au michubuko isiyo na sababu, usingoje siku hiyo. Nenda mara moja.

Nanyi jamaa zake, msiseme, "Huyu amekwisha pona, nauli ya nini?" Mchangieni. Mlimsindikiza alipokuwa mgonjwa; msindikizeni na sasa akiwa mzima.