Somo la Redio: Bafa kati ya Volti 3.3 na Volti 5

Leo nataka tutazame jambo ambalo limewaunguzia mafundi wengi vyombo vyao, nalo ni kuunganisha saketi ya volti 3.3 na saketi ya volti 5.

Mnakumbuka ya kuwa saketi za dijitali hujua maneno mawili tu, moja na sifuri. Lakini maneno hayo husemwa kwa volti, na kila saketi ina kipimo chake. Chipu ya jamii ya 74HC iliyopewa volti 5 haina budi kupata kama volti 3.5 ndipo ihesabu kuwa ni moja. Chini ya volti 1.5 huhesabu sifuri. Hapo katikati haina ahadi na mtu. Basi Raspberry Pi hutoa volti 3.3. Pengo ni volti 0.2 tu, na hila iko papo hapo! Taa za WS2812, ambazo nazo hutaka kiasi hicho hicho, huweza kuwaka vizuri mezani, fundi akafurahi. Kesho waya umerefushwa kidogo, taa zacheza ovyo, naye anamlaumu aliyeandika programu.

Dawa yake ni bafa. Hii ni chipu isiyofanya hesabu yoyote: ikisikia moja hutoa moja, ikisikia sifuri hutoa sifuri, ila kwa volti zake yenyewe. Tafuta 74HCT125, na uangalie sana hiyo herufi T. Ukiipa volti 5, itakubali volti 2 kuwa ni moja, nayo itatoa karibu volti 5 kamili. Ndani mna bafa 4, na kila moja ina mguu wake wa ruhusa, ambao huunganishwa na ardhi ili bafa ifanye kazi. Miguu ya kuingizia usiyoitumia uiunganishe na ardhi pia, usiiache ikielea.

Kushuka ni hatari zaidi. Arduino Uno ikipeleka volti 5 moja kwa moja katika mguu wa Raspberry Pi, yaweza kuuua, wala hakuna wa kuufufua. Hapo tumia 74HC4050, yenye bafa 6, ukiilisha volti 3.3, imetengenezwa ikubali kuingiziwa volti zinazozidi zile inazolishwa. Lakini, ndugu zangu, msiitie umeme kwa mazoea. Chipu nyingi za jamii hii zenye miguu 16 hulishwa katika mguu wa 16. Hii hulishwa katika mguu wa 1, na ule wa 16 haukuunganishwa na kitu.

Tena bafa hizi ni njia ya upande mmoja. Waya wa I2C ambao vyombo huongea juu yake kwa zamu haufai kupitishwa humo. Huo hutaka transista kama BSS138 pamoja na rezista 2. Tutaichora juma lijalo, basi wekeni penseli karibu. Kwaherini.